Fidélie Ndaya, Mama Mwenye Aligonga Chuma ya Avenue Kasimba

Wazazi, wakubwa kwa wadogo, ninyi wenye mumetoka misikiti na ninyi wenye mumetoka makanisa, ninyi wa Kindu na wenye mumefika kutoka Kibombo na Kalima, jamaa imenisimamisha mimi Kazadi, mudogo ya marehemu, niwasomee maisha yake, na kama munaona sina karatasi mu mukono musishangae, kwani mimi sikukaa ku banc ya shule hata siku moja, lakini tarehe zote ziko mu kichwa, na mu Kindu muzima hakuna kichwa yenye kushika tarehe kama hii yangu, muulize muntu yeyote.

Yaya Fidélie Ndaya, dada yangu mukubwa, alizaliwa hapa hapa Kindu, tarehe 14 mwezi wa pili 1961, mu kambi ya watu wa reli, mutoto wa kwanza wa marehemu baba yetu Tshimpaka, mwenye alitoka Kasai mwaka wa 1956 kuja kulaza reli, na wa marehemu mama yetu Jeanne, na wazee walituambia kama siku ile alilia na sauti kali mpaka mashinisti alisimamisha treni, alifikiri kuko muntu chini ya magurudumu.

Masomo ya primaire aliyafanya kwa masista kutoka 1967 mpaka 1973, alimaliza wa kwanza, halafu miaka mbili ya kushona, lakini mwaka wa 1975 baba alivunjika muguu ku kazi, na yaya aliacha shule bila kulia, akaanza kuuzisha muchele ya Kibombo ku soko, na kazi ile aliifanya miaka makumi ine na tisa, kipimo yake ilikuwa imejaa mpaka juu na kilima, hakuna mama mwenye alirudi nyumbani akasema Fidélie ameniibia.

Tarehe 7 mwezi wa nane 1982 aliolewa na shemeji Hamidou Abedi, muntu wa pirogi, mwenye alikuwa anapandisha na kushusha bidhaa ku muto Lualaba kati ya Kindu na Lokandu, wazee wa pande mbili walinuna kwa sababu mumoja alikuwa anaenda musikiti na mwengine kanisa, lakini Hamidou alimuambia baba yetu mbele ya watu wote, "Muzee, mimi ninaoa mutoto yako, sioi kengele ya kanisa," na baba alicheka mpaka kofia ilianguka, akatoa ruhusa. Mungu aliwapatia watoto watano, Odette, Jérôme, Musafiri, Nathalie na mudogo yao Israël mwenye tulizika akiwa na miaka mbili, wale wane wako hapa, munawaona.

Sasa munisikilize vizuri, kwani hapa njo maneno inaanza. Tarehe 14 mwezi wa kumi na moja 1998, wenye silaha walimukamata shemeji Hamidou ku bandari, walimubebesha mizigo wakaingia naye mu pori, na mpaka leo hatujaona hata kiatu yake. Wanaume wengi wa avenue yetu walikimbia, wengine walichukuliwa, mu nyumba makumi ine na moja za avenue Kasimba mulibakia wamama, wazee na watoto, na watu wa bunduki walikuwa wanaingia vile wanataka, leo nyumba hii, kesho nyumba ile, wanachukua mbuzi, wanachukua muchele, wanachukua wabinti. Mu mwezi wa ine 1999 watu waliketi, wakamuweka yaya kuwa chef wa avenue, na kuko muzee mumoja, sitataja jina yake kwani amekufa, alisema, "Tangu lini avenue inavaa kikwembe?" na yaya alimujibu, "Tangu siku suruali zenu zilikimbilia Kalima."

Baba alituachia kipande ya reli, urefu ya mukono, mama yetu alikuwa anapikia juu yake, pamoja na nyundo yake ya kazi yenye uzito kama mutoto wa miaka tano. Yaya alitundika ile kipande ku muti ya avokado mbele ya parcelle yake, akafundisha avenue muzima kazi yenyewe, alisema, chuma ikilia usitoke mbio kama kuku, kwanza gonga sufuria yako ndani ya nyumba, kila nyumba igonge, ili mwenye anavamiwa ajue kama wenzake wako macho, na mwenye bunduki asijue nani alianza, na wakati sufuria zote zimejibu, njo tunatoka pamoja, watoto katikati, hakuna muntu wa kutoka peke yake. Tarehe 19 mwezi wa nane mwaka ule ule wenye silaha walikuja makumi tatu, wengine wanasema makumi mbili, mimi nilihesabu makumi tatu na tano, yaya aligonga, sufuria makumi ine na moja zikajibu, masahani, mabeseni, mabati, kelele ile ilisikilika mpaka Lokandu, wale watu walifikiri jeshi muzima limeshuka kutoka juu, walikimbia na waliacha mbuzi zetu mu barabara, na mimi ninafikiri wengine wangali wanakimbia. Vita yote, mpaka 2003, avenue Kasimba haikupoteza tena hata mubinti mumoja, na mu avenue zingine munajua vile ilikuwa, sitawakumbusha mbele ya maiti.

Amani ilirudi, watu walijenga, wageni walikuja, chuma ilibakia ku avokado yake, na wezi wa mu mugini, wale wa kubeba televizio na mashini za kushona, walikuwa wanazunguka Kindu yote lakini kwetu walikuwa wanapita mbali. Halafu alikuja Chef Blaise, chef wa quartier yetu, mukubwa wa avenue zote za hapa, mwenye ameketi pale mbele na lunettes nyeusi ku macho, ninamuheshimu, kiti yake ya uchef ni ya jamaa yake tangu babu, hakuna mwenye kumuondoa.

Siku ya mungu, tarehe 12 mwezi wa tatu 2023, baraza ya quartier iliketi. Ni kweli chuma iligongwa bure, mara moja muntu wa kulewa aligonga, mara ingine mbuzi ilipotea na mwenyewe akagonga, na ile siku ya mbuzi mimi nilikuwa nimelala, niliruka mpaka nilivunja kitanda, kwani munajua uzito yangu. Basi sekretere wa quartier, Tshimpaka Mudogo, mwenye ana jina ya baba yetu bila roho ya baba yetu, alisoma karatasi, kama tangu leo nyundo italala ku biro, ndani ya kabati na funguo, mwenye anataka kugonga aje ku biro na barua ya kuomba, kopi moja kwa wakubwa wa commune, na mwenye atagonga bila ruhusa atalipa mbuzi. Biro yenyewe inafungwa saa tisa ya muchana! Yaya alisimama, alisema, "Chef, na mwizi, yeye ataandika barua kwa nani?" Watu walicheka, Chef Blaise hakucheka, alisema, "Mama Fidélie, wakati ya vita imepita, sasa tuko mu administration." Yaya alisema, "Mimi siombi vita, mimi ninaomba nyundo." Chef alisema, "Wenye kukubali wainue mikono." Na mikono ilipanda, watu wa avenue Kasimba, mikono yenu ilipanda, wenye yaya aliwaokoa mukiwa mu mugongo ya mama zenu, muliinua mikono yenu, na mimi pia, Kazadi, mukono yangu ilipanda, ninasema wazi, kwa sababu ya ile kitanda ya kuvunjika, na munajua mukono yangu ni murefu, ilionekana juu ya mikono yote. Yaya aliniangalia tu. Hakunikemea ile siku, hakunikemea hata siku ingine, na hasira yenye iko ndani yangu leo, nusu yake ni juu yenu, nusu ingine ninaibeba mwenyewe.

Tangu ile siku alienda ku biro mara kumi na saba, mara kumi na saba nasema, kuomba nyundo irudi ku avenue, aliketi ku banc ya nje na kikapo yake ya muchele, sekretere anamuambia "Mama, chef iko mu mukutano," na chef mwenyewe tunamuona ku dirisha anakula karanga. Na wezi walisikia habari ya nyundo mbele ya watu wote, kwani mwezi wa sita waliingia nyumba mbili, mwezi wa kumi nyumba tano, na baraza ilifanya nini? Iliandika rapore.

Sasa nitasema ugonjwa na kufa, ingawa ugonjwa hakukuwa, yaya alikuwa na nguvu ya kubeba saki mbili. Tarehe 21 mwezi wa nane mwaka huu wa 2024, siku ya tatu ya juma, saa moja ya magaribi, watu wako wanakula, wezi watatu waliingia kwa Mama Aïcha, mujane wa kushona nguo, jirani wa kuume, walimufunga kinywa na kitambaa yake mwenyewe wakabeba mashini. Yaya aliona juu ya lupango, ile uzio katikati yao, nyundo iko mu kabati, kabati iko mu biro, biro imefungwa, basi alichukua muti ya kinu, ya kutwangia sombe, akaenda ku avokado, akagonga. Muti juu ya chuma haitoi sauti kama nyundo, lakini mulisikia. Musiniambie kama hamukusikia, Mama Aïcha mwenye kufungwa alisikia, alihesabu, mara makumi tatu na tatu. Na kila mara tatu yaya alikuwa anasimama, anageuza kichwa, anasikiliza sufuria.

Hata moja. Watu wa avenue Kasimba, hata sahani ya mutoto! Mulikuwa ndani munaulizana, "Mbuzi ya nani italipa?" na mumoja wenu alizima taa, ninajua nani, na yeye anajua kama ninajua. Mimi nilikuwa Kalima ku machimbo, kama ningekuwa hapa wale wezi wangevuka Lualaba bila pirogi na bila kupenda. Wakati aliona hakuna mwenye kujibu, yaya alienda peke yake, yeye mwenye alitufundisha kama muntu hatoki peke yake, na ile muti mukononi, mama wa miaka makumi sita na tatu, alivunja mumoja mukono, wa pili alitupa mashini akakimbia, wa tatu alimupiga yaya ku kichwa na chuma ya kuvunjia milango.

Walimupeleka ku hospitali na pikipiki, katikati ya watu wawili, damu mpaka ku kiti yake. Siku ya tano ya hospitali, angali hajui mwanga wala giza, sekretere alipiga hodi kwa yaya na convocation, ina muhuri, Mama Aïcha njo aliipokea, imeandikwa kama Madame Ndaya Fidélie anaitwa ku biro kueleza sababu gani aligonga chuma bila ruhusa. Iko hapa mu mufuko yangu. Sijui kuisoma, lakini muhuri ninauona. Siku ya kumi na moja, siku ya mungu tarehe 1 mwezi wa tisa, saa ine ya asubuhi, yaya alikata pumzi, mukono yake mu mukono ya Odette. Ameacha watoto wane, wajukuu kumi na moja, na mudogo mumoja, njo huyu.

Jamaa inawashukuru madaktari na wauguzi, hawakulala siku zile zote, walitoa hata damu yao wenyewe, Mungu awarudishie. Tunashukuru wamama wa soko ya muchele, wamepika tangu siku ya kwanza na sufuria hazijapoa, tunashukuru watu wa pirogi, ndugu wa shemeji Hamidou, wamelipa sanduku. Mama Aïcha, hatuna maneno. Majirani wa avenue, asante kwa viti na bâche ya kivuli, na kwa magaribi ya tarehe 21, sina asante, nikisema asante nitakuwa muongo, na mimi siongopi hata siku moja.

Chef Blaise, ninaambiwa umetayarisha maneno ya kuagana, imepigwa mashini, ukurasa mbili. Hautaisoma hapa. Njia ya makaburi inapita mbele ya biro yako, na jamaa imekata neno, tutamuteremusha yaya pale ku mulango, tutaimba, tutakula, tutalala, sanduku haitaenda mbele hata hatua moja mpaka kabati ifunguke na nyundo itoke. Barua ya kuomba njo hii maiti. Na kama commune inataka kopi, kopi pia ni yeye. Na mwenye atanyamaza leo pia, arudi sasa nyumbani, tumujue.

Yaya Fidélie, binti ya Tshimpaka, muke ya Hamidou, miguu yako ipumzike na moyo yako itulie, kazi umefanya imepita nguvu ya watu mia moja, na mukono yenye nilikuinulia siku ile ya baraza, leo inabeba sanduku yako upande wa kichwa.

Haya, wenye kubeba, mukuje. Tunapitia ku biro.