Zimeni Mashine ya Gatini

Sogeeni, wanangu. Jarmo, hiyo simu itie mfukoni, huyo mnunuzi wako wa Helsinki hatakimbia. Na wewe Päivi, acha kunipangusa uso, mimi si meza. Nisikilizeni pumzi ingalipo, maana daktari ameshanihesabia siku na hakunihesabia nyingi.

Bandari hii ya boti nawaachia wote wawili, nusu kwa nusu: magati matatu, karakana na sauna ya ufukweni. Mkitaka kuiuza, uzeni, sitafufuka kuja kuwazuia. Lakini karatasi ya yule mnunuzi nimeisoma mara mbili, nayo inasema ufuko wote utazungushiwa ua, na mashine ya mapovu itanguruma majira yote ya baridi popote atakapotaka yeye. Hapo nina neno, na neno lenyewe nimelificha miaka thelathini na moja.

Mashine mnaijua. Inapuliza hewa chini ya maji, barafu haishiki, nguzo za gati hazing'oki, nasi tumekula kwa sababu yake. Na njia ya barafu mnaikumbuka, ile iliyopita juu ya ziwa lililoganda, mbele ya gati letu, kwenda ng'ambo, kanisani na dukani. Taisto, mume wa jirani yetu Irja, ndiye aliyeichomekea vijisonobari kila Januari ili watu wasipotee, kama baba yake na babu yake, wala hakuna aliyemlipa.

Januari ile alinikuta gatini na wenzangu. "Veikko," akaniambia, "tafadhali bwana, mashine yako isivuke nguzo ya mwisho. Watu wanapita."

Nikamjibu, "Maji haya ni yangu, hati ninayo."

"Yako? Haya, yatie kwenye ndoo upeleke nyumbani tuone!"

Wakacheka wote, mpaka mama yenu. Mimi sikucheka. Kicheko kile kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na mwezi wa pili, barafu ilipoanza kuibana boti kubwa ya mteja mmoja, nikalisogeza bomba la hewa hatua thelathini kupita nguzo ya mwisho, bado ndani ya mpaka wangu, kwa haki yangu, wala sikumwambia mtu. Wajibu wa kusema niliujua. Nilinyamaza kwa hasira tu.

Jumamosi moja, jua likiwaka, Taisto alitoka dukani ng'ambo na sleji yake ya kusukuma, ile ya kuteleza barafuni, amebeba kahawa na hamira ya maandazi ya Irja. Alifuata vijisonobari alivyovichomeka kwa mkono wake. Nilisikia barafu ikilia, nikatoka mbio, nikaona mpini wa sleji tu juu ya maji. Na mimi baba yenu, eeh Mungu wangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzima mashine na kulivuta bomba nyuma, ndipo nikapiga kelele za kuomba msaada. Polisi akaniuliza, "Alikuwa amelewa?" Nikasema, "Taisto? Lini hakuwa amelewa!"

Siku ile hakuwa ameonja hata tone. Irja ameishi miaka yote hiyo na aibu ya mume aliyekufa mlevi, na kijiji kikasema ziwa limebadilika, haliaminiki tena, wakaiacha njia wakazunguka kwa barabara. Nikawaacha walisingizie ziwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kinaniumbua sasa mbele ya wanangu.

Msije mkasema baba aliilaani bandari. Gati si dhambi, na boti za watu lazima zilale mahali. Lakini hati ilinipa pa kufungia boti, haikunipa miguu ya wapitao. Mkiuza, liandikeni mbele ya wakili: bomba lisivuke nguzo ya mwisho, ufuko usifungwe, njia irudi na vijisonobari vyake. Akikataa huyo bwana, mwacheni aende zake. Jarmo, usinikunjie uso, najua ulivyoitamani biashara hiyo.

Maji... nipe maji kidogo, Päivi. Basi, yatosha.

Nikifa msinipitishe barabarani. Nipelekeni kanisani kwa njia ile, juu ya barafu, mbele ya gati letu, nyinyi wawili mkivuta sleji ya jeneza. Mazishi yetu husubiri wiki tatu, na kwa baridi hii wiki tatu zinatosha barafu kushika, mradi mashine izimwe leo. Toboeni barafu mpime kabla ya kukanyaga. Gati la tatu litapinda, liacheni lipinde. Jarmo, nenda kaizime. Nenda, mwanangu, nataka kusikia kwa masikio yangu.

...

Haya. Imenyamaza. Kumbe kelele yake ilikuwa kubwa hivi.

Umerudi? Nipeni mikono, wote wawili. Mungu awape barafu nene chini ya miguu, na jirani wa kuwaonya, na masikio ya kumsikia. Msigombane... kwa ajili ya mbao na nguzo.

Sauti inaniishia. Päivi, Irja yuko jikoni, anatutengenezea kahawa, kama kila siku tangu niugue. Mwambie aiache. Mwite aingie, nimwambie mwenyewe, kabla... Na nyinyi msitoke.