Mama Aliyefua Shati

Benchi liko kati ya kibanda cha kinyozi na cha fundi viatu, na mguu wake mmoja ni mfupi, kwa hiyo watu hubishana hapo wakiwa wameinama upande. Mchana huo birika la kahawa lilikuwa bado la moto, na watatu waliokaa hapo walikuwa wameitazama filamu moja: kaka mkubwa anamuua mlinzi wa ghala, mama anafua shati lenye damu, mdogo mtu, ambaye ni polisi, analipoteza faili. Wembe, kinyozi, aliitazama akimfikiria kaka yake mwenyewe. Gari la kaka yake lilikuwa uani kwake tangu Jumapili, limefunikwa turubai, taa moja imepasuka. "Nimegonga mtu nikaondoka," kaka alimwambia. "Nifichie mpaka mambo yapoe."

— Mwenye kosa ni mama, alisema Soli, fundi viatu, misumari mdomoni. Shati la damu unalifua la nini? Angelichoma.

— Kwa hiyo kosa lake ni usafi? aliuliza Karani, mstaafu aliyekuwa akiita mashahidi mahakamani, akatoka huko akijiona hakimu.

— Ni uzembe.

— Hapana. Mama ndiye aliyepanga yote. Yule wa pili alimzaa makusudi aje kuwa polisi.

— Alijuaje?

— Mama gani asiyejua mambo?

— Basi na baba alikufa mapema makusudi, asiitwe shahidi.

— Huyo ndiye mwenye akili katika ile nyumba.

Wembe hakucheka.

— Mnaongea tu. Damu ni damu. Soli, wewe ungemkabidhi ndugu yako kwa polisi?

— Wangu ningemkabidhi hata bila kosa.

Muuguzi aliyefuata kiatu chake alikuwa amesimama pembeni, akisikiliza.

— Hata mimi nimeiona, alisema. Yule mlinzi aliyeuawa, aliitwa nani?

Soli alitema misumari kiganjani.

— Si walimwita... alianza Karani. Hivi walimtaja kweli?

Wembe aliweka kikombe chini, akaingia kibandani kwake, akampigia simu kaka yake.

— Kaka, njoo kwangu. Sio kulihamisha gari. Tunalipeleka kituo cha polisi, mimi na wewe.

Kaka aliuliza mama ataambiwa na nani.

— Mama nitamwambia mimi. Saa kumi ikifika hujaja, nitaliendesha mwenyewe.