Siku Nilipouza Kroki Zisizoliwa

Mukae, mukae tu. Wenye wananijua wanajua nikisimama mbele ya watu ni kubishana, na naona baba mumoja pale nyuma ameshashika kofia yake anataka kutoka. Baba, kaa. Leo nimekuja kushukuru. Mungu amenitendea, na nikinyamaza itanikaba kooni kama mwiba wa samaki.

Ndugu zangu wa shirika letu la maombi, minye ni muchoraji wa bedé, zile hadithi za picha zenye viboksi na maneno ndani ya mapovu. Tangu shuleni nilikuwa nachora mbuzi mumoja mwenye kiburi, anapanda juu ya magunia kwenye kamioni ya Bukavu, na njia nzima anagombana: na konvayeri wa kukusanya nauli, na askari wa baryeri wanaofunga njia, na wauza mihogo. Watoto wa majirani walikuwa wanapokezana kaye zangu za kuchorea mpaka zinachanika. Miaka kumi na moja ya mbuzi huyo ilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu.

Halafu mvua ikanyesha milimani, muto ukashuka na mawe. Sisi tulitoka wazima, Mungu asifiwe. Nyumba haikutoka. Sanduku nililikuta siku ya tatu, mbali kule karibu na ziwa, limejaa matope, na kaye zote zimekuwa uji. Mbuzi wangu hata pembe moja haikubaki.

Wengine walikuwa wanazika watu. Minye nilikuwa nalilia karatasi, na niliona haya, nikafunga mudomo. Ndipo nilipoanguka. Sikuanguka kwenye pombe, najua mulivyosema, nilisikia! Nilianguka kwenye uchungu. Nikikamata biki nichore, mukono unakaa tu juu ya karatasi kama mugeni asiyejua lugha. Wiki, miezi. Nikasema basi. Nikaanza kuuza ndagala, samaki wale wadogo, sokoni, na hapajapata kuwa muuzaji mubaya kama minye. Mutu akiuliza bei mara mbili namufukuza. Humu ndani kuna mama wawili niliwafukuza. Munisamehe. Shirika nikaacha, salamu nikaacha, hata kuomba nikaacha. Miaka miwili.

Sasa, niko na yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, mutu wa maneno machache na vitendo vya siri. Alisikia wanatayarisha festivali ya bedé hapa Uvira, kwenye sale kubwa ya mikutano ya shule, na wachoraji watatoka Bukavu na ng'ambo ya Burundi. Akaenda kuniandikisha bila kuniuliza. Aliniambia siku mbili kabla.

"Uko na meza," anasema.

"Meza ya nini?"

"Ya kuchorea watu. Utauza kroki."

"Yaya, weye uko na wazimu? Minye sichorake tena. Mukono ulikufa."

"Basi uende ukakae pale na mukono wako wenye ulikufa. Jina limeshaandikwa."

Nilikwenda kwa hasira, na kwa hasira nikajiapia: leo mukono ukikataa, kalamu zote zilizobaki nazitupa ziwani, na habari ya kuchora imekwisha maisha yangu yote.

Kwetu wachoraji, kroki ni muchoro wa haraka. Mutu anakaa dakika tano, unamupa sura yake. Basi nikakata kartoni, nikaandika herufi kubwa: KROKI, TUNATENGENEZA HAPO HAPO. Sikufikiri zaidi. Wenzangu walikuwa na mabango ya rangi, majitu yanarusha moto. Minye na kartoni yangu waliniweka karibu na mulango, jirani na mama muuza fanta.

Mumeshaanza kucheka? Mungoje kidogo.

Mutu wa kwanza, kijana wa suti, anainama: "Mama, kroki ziko moto?" Nikadhani ananichokoza. Wa pili anauliza kama ziko za sukari ao za chumvi. Wa tatu alileta bakuli! Ndugu zangu, Uvira nzima ilidhani nauza krokete, vile vidonge vya unga tunavyokaanga na kutafuna na chai. Asubuhi yote niliwajibu wenye njaa, na hakuna hata mumoja aliyekaa kwenye kiti. Niwaambie ukweli: ndani yangu nilikuwa nafurahi furaha mbaya. Mukono haujajaribiwa, haujashindwa. Nikaanza kufunga kalamu kwenye kitambaa.

Ndipo akaingia mama mumoja wa Luberizi, mukulima wa muchele, viatu mukononi. Alikuja mujini kwa mambo yake, akaona watu wengi, akafuata.

"Mwanangu, unipe kroki. Tangu asubuhi sijakula."

Nikalipuka. "Mama! Kroki hailiwake! Ni muchoro! Wote munakujaka hapa na matumbo, hakuna mwenye anakujaka na macho!"

Sale yote ikageuka. Haya ilinishika mpaka masikio yakawaka.

Mama hakukasirika. Aliangalia kartoni, akaangalia kiti, akakaa pwaa.

"Haya," anasema. "Nimekosea, nimekosea. Lakini siwezi kurudi Luberizi bure. Unichore."

"Mama, minye sija..."

"Unichore na njaa yangu, kule nyumbani waone venye ulinitesa."

Nikacheka. Sikutaka, kicheko kilitoka chenyewe. Na wakati nacheka, mukono ulikuwa umeshaanza, hata sikuusikia ukianza. Mashavu yake, kilemba, mudomo wazi. Na juu ya kichwa chake povu kubwa, ndani yake krokete moja ndogo inakimbia kwa miguu miwili. Nilipogeuza karatasi aione, mama alipiga mapaja, akaita watu asiowajua: "Mukuje muone! Njaa yangu iko na miguu!"

Pale nililia, mbele ya watu, na makamasi. Ilikuwa furaha. Miaka miwili nilikuwa nangoja mukono upone kwanza ndipo nichore, kumbe ulirudi wakati nagombana.

Musitari wa watu ulifika nje. Kila anayekaa namuuliza: "Weye uko na njaa ya nini?" Yule kijana wa suti alirudi, akasema kazi. Nilimuchora anakula kiti cha biro, kile cha ofisini, kwa kijiko. Muchungaji wa ng'ombe wa Bijombo alisema ana njaa ya baridi ya kwao, nikamuchora amekumbatia wingu. Halafu akakaa muzee mumoja Muislamu, muuza vitenge, akainama akaniambia kwa sauti ya chini: njaa yake ni marehemu muke wake alivyokuwa anamugombeza. Huyo nilimuchora polepole. Karibu na sikio lake nikaweka povu, nikauliza niandike nini ndani.

"Acha hivyo hivyo," alisema. "Maneno nayajua."

Na mama wa Luberizi? Mama muuza fanta alimupatia mandazi, akashiba, akakaa karibu nami mpaka jioni kama mukurugenzi, anapanga watu na kuwatangazia: "Hapa hapaliwake kitu, lakini mutashiba!" Karatasi zilipoisha, nilichora nyuma ya programu ya festivali.

Mumoja wenu ameniuliza pale mulangoni kama mbuzi amerudi. Hapana. Yule alikwenda na maji, na nimemuacha aende. Sasa nachora mama mumoja mwenye njaa yenye miguu, anaikimbiza kutoka Luberizi mpaka Nyakabere. Nimeshamaliza kaye ya kwanza.

Nashukuru yaya yangu, ambaye hakuniuliza. Nashukuru yule mama muuza fanta. Nashukuru ninyi wa shirika, mulibisha mulango wangu kila juma, minye nikajifanya siko. Nilikuwa nawasikia. Nilikuwa nahesabu sauti zenu kimoyomoyo, na siku mumoja wenu alipokosa nilijiuliza kama anaumwa.

Na neno langu kwenu ni hili. Minye kuomba nilikuwa nimeacha, na jibu likaja vilevile, limebeba viatu mukononi, linaniomba kitu nisichokuwa nacho. Kidogo tu nilifukuze. Basi mutu akikosea mulango akaingia kwako, usikimbilie kumuonyesha njia ya kutoka. Mupe kiti kwanza.

Aksanti sana.