Chai Iliyopoa ya Meza ya Dirishani

Ijumaa hii, tarehe 28, saa kumi jioni, Shangazi atafunga droo yake kwa mara ya mwisho baada ya kulitumikia gazeti letu kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa wenzetu wapya: si shangazi wa mtu yeyote hapa ofisini. Jina hilo alibandikwa katika mwaka wake wa pili, kwa sababu akikurudishia makala ulijihisi umekaripiwa na dada wa baba yako, na bado ukamshukuru. Mimi ninayeandika haya ni mpanga kurasa, na nimekaa mkabala na meza yake ya dirishani miaka kumi na tisa. Najua mengi, na kwa mengine nimeombwa nifunike kombe.

Alianza kwenye matangazo madogo, akipokea habari za mbwa waliopotea na vyumba vya kupanga. Siku mhakiki wa vitabu alipozidiwa na maumivu ya jino, ilibainika kwamba katika jengo zima aliyekuwa amekisoma kile kitabu cha wiki mpaka mwisho ni binti wa matangazo peke yake. Akaazimwa safu moja. Hajairudisha hadi leo. Aliikuza ikawa ukurasa mzima wa Jumapili. Humo amehakiki vitabu zaidi ya elfu moja na mia nne, pamoja na kila maonyesho yaliyowahusu waandishi: barua zao, miswada yao, mashine zao za chapa. Ndiye aliyeanzisha baraza la wasomaji la Jumamosi. Wahakiki wetu wanne wote ni wanafunzi wake, ingawa wawili hawapendi ijulikane, wasije wakasahihishwa hadharani.

Kanuni yake ni moja: hamvishi mtu kilemba cha ukoka. Shemeji yake alipotoa kitabu cha nasaha za ndoa, Shangazi aliandika kwamba ni kifupi lakini bado kingeweza kupunguzwa. Kwa miaka minne, kila harusi ya ukoo alipangiwa kiti karibu na mlango wa jikoni. Anadai huko ndiko chakula kilikopita kikiwa cha moto.

Aliyeshindwa kusubiri Jumapili ajue hukumu alimuuliza mama wa chai. Kikombe cha Shangazi kikirudi kitupu, kitabu hakikumshika. Alipata nafasi ya kunywa. Kikirudi kimejaa, chai imepoa na kufanya utando, basi hapo pana mwandishi. Kuna wachapishaji waliokuwa wakipiga simu jikoni moja kwa moja.

Sasa tulifikie kosa lake maarufu, maana akiagwa bila hilo ataona tumemwonea haya. Miaka kumi na moja iliyopita alikwenda kutazama maonyesho ya meza za waandishi. Meza zilipangwa ukumbini, kila moja na vifaa vya mwenyewe, na kibao kikikataza kugusa. Shangazi na vibao vya namna hiyo hawajawahi kuelewana. Alifungua droo zote. Kisha akaandika kwamba iliyomkuna zaidi ni meza ya kumi, ile ya mlangoni, yenye redio ndogo, miwani iliyofungwa uzi na daftari lililoandikwa kutokea nyuma. Ndiyo pekee, alisema, iliyoonekana kufanyiwa kazi. Akanukuu na sentensi ya daftarini: “Mlango haulali, mimi ndiye ninayesinzia kwa niaba yake.”

Jumatatu wenye ukumbi walipiga simu. Meza za maonyesho zilikuwa tisa. Ya kumi ilikuwa ya mlinzi, aliyekuwa ameenda kufungua geti la nyuma.

Tulicheka wiki nzima. Kila meza ya chumba cha habari ilibandikwa karatasi ya “Meza ya Kumi”, na nakiri karatasi zile nilizikata mimi. Mhariri alimtaka aombe radhi kwa wasomaji. Akaomba kwa maneno manane: “Nilikosea kuhusu meza. Sikukosea hata kidogo kuhusu sentensi.”

Siku tatu baadaye mlinzi mwenyewe akaja, sare imepigwa pasi, kipande cha gazeti kimekunjwa mfukoni. Hakuja kulalamika. Alitaka kujua tu, kama sentensi ile ni nzuri, inayofuata iweje. Shangazi akamjibu kwamba hilo analijua yeye peke yake, aende akaimalize kazi.

Akaenda. Mwezi uliopita kitabu kikafika mezani, kurasa mia mbili na kumi na mbili, jina la mlinzi jaladani.

Hapo ndipo nilipomwona Shangazi akiogopa kitabu. Alikiweka chini ya rundo. Rundo lilipopungua, akaongeza rundo. Nilimtania kwamba anakificha mpaka astaafu, aturithishe sisi. Hakucheka. Akaniambia polepole, “Kikiwa kibaya, nitakuwa nimemwibia mtu miaka kumi na moja.” Mhariri alijitolea kumpa mtu mwingine akihakiki. Shangazi akakataa: kama shemeji hakuonewa huruma, mlinzi naye ana haki ya kusomwa.

Jumatano ya wiki jana, saa nne asubuhi, akakifungua. Habari ilienea mpaka kwa mafundi mitambo. Saa tano na nusu mama wa chai akatoka mezani kwake na kikombe, akakiinamisha tukione: kitupu, hata tone. Mhariri wa michezo, mtu asiyesoma kitu kisicho na mabao, alikwenda mlangoni akasimama tu. Nami niliumia, si kwa ajili ya mlinzi peke yake.

Saa nane mama wa chai akampelekea kikombe cha pili bila kuagizwa. Saa kumi alikwenda kukichukua, akarudi amekishika kwa mikono miwili ili kisimwagike. Kilikuwa kimejaa, na utando wake juu. Sitaki kutaja nani alilia.

Uhakiki wake wa mwisho utatoka Jumapili. Nimeupanga mwenyewe na sikupunguza neno. Unasema kwamba kwa kurasa sitini za mwanzo mwandishi anahangaika na funguo, anajaribu moja baada ya nyingine huku sisi tumesimama nje. Ukurasa wa sitini na moja lango linafunguka, “na tangu hapo nilisahau kwamba nina chai.”

Ijumaa, kwenye ukumbi wa kumuagia, mtaona meza kumi. Mlinzi tumemwalika, aliomba akae mlangoni kwa mazoea, tukamkubalia, kwa kuwa meza ya kumi ndiyo iliyo mlangoni, na kiti cha pembeni yake ni cha Shangazi. Hakuna atakayemwekea kibao cha kumkataza kugusa kitu.

Shangazi, asante kwa kutukaripia na kwa kutusoma mpaka ukurasa wa mwisho. Nenda ukapumzike, na huko uendako tunakutakia vikombe vingi vya chai iliyopoa.