Wastani wa Jumapili

Basi la kutoka uwanja wa mbio za magari, Indianapolis, lilijaa watu waliobabuliwa na jua. Opal Stuckey, mkata tiketi wa geti la kaskazini, alikaa nyuma ya mzee mwenye kofia iliyosheheni beji, akamsikia akimwambia mwanamke wa kiti cha pembeni yake, ambaye hakumjua:

"Mbio gani hizi, mama? Wastani wa maili mia moja na thelathini kwa saa! Ng'ombe wa shangazi yangu wangemaliza mapema. Rekodi itavunjwa lini?"

Mwanamke alikuwa amevaa buti zenye masizi. "Rekodi huwekwa siku ambayo hakuna anayegonga ukuta, mzee. Leo wamegonga. Magari yametambaa nyuma ya gari la usalama, lile linaloyazuia kukimbia ajali ikitokea, mizunguko ishirini na miwili."

"Visingizio tu! Zamani madereva walikuwa wanaume."

"Zamani walizikwa."

Mzee alikuwa na kipaji cha kutosikia. "Namba ni namba. Naziandika tangu mwaka sitini na nane, na hii ya leo naona haya kuiandika."

"Basi andika na jina langu pembeni. Mimi ni wa zimamoto. Ndimi niliyekuwa nakata vyuma kumtoa dereva huku mkitupigia miluzi tufanye haraka."

Opal, aliyepiga miluzi pia, alitazama dirishani.

Basi lilisimama. Mwanamke akainuka.

"Dereva... alipona?" mzee akauliza, sauti imemshuka.

"Ngoja gazeti la kesho," akajibu akishuka. "Wataanza na huo wastani wako; habari za dereva utazikuta chini."