Nilidhani ni Karuho, Kumbe ni Mishipa

Bwana wetu apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Mama Furaha wa hapa Ndosho. Mnanijua, mwili huu haujifichi. Nasimama mbele yenu, ingawa ninayosema yananiaibisha.

Mume wangu alikuwa na lori la maharagwe, njia ya Rutshuru. Kwa heshima yake alitaka mke mnene ambaye jua halimwoni. Nami nilipenda! Hata siku ya salongo, ile ya usafi wa mtaa, wenzangu wakifagia barabara, mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikila viazi vya mafuta.

Kisha mishipa ya miguu ikavimba, ikajipinda chini ya ngozi kama mizizi. Ikawasha. Mifupa nayo ikauma, kusimama ikawa kazi. Niliogopa, ndugu zangu! Nikaifunika kwa vikwembe viwili, mume wangu asiione. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba ni karuho, sumu ile inayoua polepole. Akauliza, nani anakupikia?

Aliyenipikia ni mama mkwe, mjane kutoka milima ya Masisi. Tangu siku hiyo, akiingia na sahani, niliisukuma kando. Nilisema nimeshiba, halafu nikajifungia chumbani na mikate. Kuomba niliomba, lakini nilimwomba Mungu amwondoe yeye!

Asubuhi moja nilijikuna mguu, mshipa ukapasuka. Damu iliruka hadi ukutani! Nikapiga kelele, na aliyekuja mbio ni yeye.

"Lala chini, mutoto wangu!"

"Usiniguse, muchawi!"

Ndiyo, nilimwambia hivyo mama wa mume wangu. Mungu anisamehe. Nikamsukuma, nikajikokota kuelekea mlangoni, na damu ikazidi. Macho yakaingia giza. Nikajua nakufa, tena nakufa nikiwa na chuki moyoni. Nikaita, "Yesu!" Nguvu zikaniishia, sikuweza tena kumsukuma.

Mama yule mwembamba akauinua mguu wangu mzito, akauweka begani pake. Akavua kitambaa cha kichwa, akakandamiza. Alikandamiza huku akiomba kwa Kihunde mpaka damu ikasimama.

Kwenye zahanati, muuguzi alinitazama miguu, akatikisa kichwa.

"Hakuna karuho hapa, mama. Mishipa imechoka na uzito, na kukaa siku muzima kunaizidishia. Tena mwili yako inakosa vitamini D, juu ya kukosa jua. Utoke, utembee!"

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mkwe yote, nikilia.

"Nilijua," akasema. "Sahani zilikuwa zinarudi zimejaa."

Kesho yake alinishika mkono, tukatoka, mikono wazi kwenye jua. Sasa kila asubuhi tunashika njia ya Munigi mpaka nichoke. Watu wanacheka. Wacheke!

Ndugu zangu, sitawadanganya: nguvu zimerudi, lakini mishipa bado ipo. Mguu ukiwasha, hofu inanijia yote kama siku ile. Basi namwita Bwana, kisha namwita mama mkwe, na hakuna kati yao aliyewahi kuchelewa. Asante, Yesu!

Nawe uliyejifungia ndani na hofu yako, mwite Mungu leo. Na akikutumia mtu yule yule unayemwogopa, lala chini, mwache akushike.