Austin Mwashigadi, Aliyekataa Kujenga kwa Wenyewe

Marehemu Austin Mwashigadi alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika kambi ya shamba la mkonge karibu na Voi, kitinda mimba wa Mzee Stephen Mwashigadi. Mwaka wa 1993 tingatinga liliibomoa nyumba yao, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya wenyewe. Mzee alimkalisha kwenye kitanda kilichotupwa nje, akamwambia, "Mwanangu, usijenge kwa wenyewe." Heri angenyamaza.

Alisoma Voi na Wundanyi, akahitimu shahada ya kompyuta Nairobi mwaka wa 2008. Hesabu alizijua. Kusikiliza hakujifunza. Dada yake Tryphena, anayesoma wasifu huu, aliombwa alainishe hapo, akakataa.

Tarehe 8 Desemba 2012 alimwoa Wakio kanisani Mghange. Kabla ya keki kukatwa alimteremsha hadi Maungu, gauni likiburuta vumbini, akamwonyesha ploti aliyoinunua. "Hapa hakuna wa kututoa," alimwambia. Wakio alilia kwa furaha.

Mwaka wa 2016 yeye na rafiki yake Nyongesa, mtoto wa mfanyakazi wa reli, walifungua kampuni mjini Voi ili wauze mfumo wa kompyuta za mezani kwa shule na maduka. Kwanza ilibidi wachague kiini, ile sehemu ya ndani kabisa inayoendesha mashine na kubeba programu zote.

"Tuchukue Linux, buda," Nyongesa alisema. "Ni ya bure. Sharti ni ukiiboresha na kuisambaza, usiwafungie wengine."

"Hiyo ni kujenga kwa wenyewe. Kesho watakuja na tingatinga."

"Hakuna mtu wa kukufukuza huko."

"Hata babangu aliambiwa hivyo."

Nyongesa alichukua chaja yake, akaenda zake. Mkataa pema, pabaya panamwita. Austin aliandika kiini chake mwenyewe, na kila printa mpya ilipoingia madukani, kiini hakikuitambua. Shule zilirudisha mashine. Mwaka wa 2021 aliuza ploti ya Maungu kimyakimya ili awalipe waandishi wa programu. Wakio alipokwenda kupanda pojo alikuta pameshalimwa na mnunuzi, Nyongesa, ambaye mfumo wake, uliojengwa juu ya Linux, ulikuwa umeenea shuleni. Hata karatasi mliyoshika imechapwa nao.

Figo zilimwangusha Januari 2024. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, hospitalini Voi. Asubuhi hiyo, macho yakiwa hayaoni tena vizuri, alimwomba Wakio awashe kompyuta yake. Haikuwaka. Wakio alimwambia imewaka.

Ameacha mjane Wakio, watoto Abby na Morris, dada yake Tryphena, na baba yake Mzee Stephen. Ameacha pia kiini ambacho hakitumiki popote.

Analazwa hapa Maungu, katika ploti ya Nyongesa, kwa kuwa familia haina ardhi. Nyongesa hakutaka malipo. Sharti lake ni moja: njia ya kuja kaburini isizibwe, apite yeyote.

Apumzike kwa amani. Hapa hakuna wa kumtoa.